Maji Kwanza, Wageni Baadaye

Nilifika kwenye daraja la Tsujun mara mbili, na mara ya kwanza sikukiona kile nilichokifuata.

Ilikuwa katikati ya Juni, msimu ambao Wajapani huuita tsuyu, mvua nyembamba isiyoisha kabla ya joto la kiangazi. Nilikuwa Fukuoka kwa mafunzo ya miezi minne. Dada mmoja wa Tanga anayesoma Kumamoto aliniahidi kunipeleka kuliona daraja ambalo picha yake ilinikaa moyoni tangu nilipoiona mara ya kwanza: tao moja la mawe juu ya korongo, na katikati yake maji yanachupa pande zote mbili, yanapinda hewani kama mbawa, kisha yanaangukia mtoni chini kabisa. Tuliondoka mjini Kumamoto asubuhi. Barabara ikapanda, mashamba yakawa madogo, misitu ya misonobari ikasogea mpaka ukingoni mwa lami, nasi tukaingia Yamato, mji mdogo wa wakulima katikati ya kisiwa cha Kyushu.

Kando ya daraja kuna kituo cha wasafiri ambapo wakulima wa hapo huuza mboga na majani ya chai. Tukaingia kujikinga na mvua. Nikamwomba dada aulize maji yanafunguliwa saa ngapi. Mama aliyekuwa kwenye meza ya malipo aliinama kidogo, akajibu kwa upole na kwa maneno mengi kuliko nilivyotarajia. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Kaka, anasema leo hayafunguliwi, wala wiki ijayo. Huu ni wakati wa kupandikiza mpunga. Maji yote yako kazini."

Sikuficha kusikitika kwangu. Mama yule akaliona hilo, akasema neno moja zaidi, nalo ndilo lililoibadilisha safari yangu. Alisema: kama mmekuja kuangalia maji, msisimame hapa, vukeni muende ng'ambo.

Kabla ya kuvuka, tulishuka kwanza hadi chini ya tao. Ni lazima mtu alitazame Tsujun kutoka chini ndipo amwelewe aliyelijenga. Daraja lina urefu unaozidi mita 75, na kimo cha mita 20 hivi kutoka mtoni. Tao lenyewe ni moja tu, upana wake karibu mita 28, bila nguzo katikati. Mawe yake yalichongwa kutoka kwenye miamba ya majivu yaliyotapikwa na volkano ya Aso zamani za kale, yakashindiliwa na joto lake yenyewe mpaka yakawa mwamba. Miguu ya daraja haikusimama wima. Inapofika chini inatanuka kwa mkunjo laini, kama kuta za ngome ya Kumamoto. Nilikuwa nimeziona kuta hizo siku iliyotangulia, na hapa nikautambua mkono uleule: ujuzi uliozilinda nyumba za mabwana wa vita ndio uliopewa kazi ya kubeba maji ya wakulima.

Jambo lingine linaonekana ukiwa chini. Juu ya daraja hakuna kuta za pembeni, hakuna hata uzio wa kushika mkono. Halikujengwa ili watu wavuke, ingawa wanavuka. Lilijengwa ili maji yavuke.

Ng'ambo ya korongo kuna uwanda wa juu unaoitwa Shiraito. Mito imeuzunguka, lakini yote inapita chini kwenye makorongo, mahali ambapo ndoo haifiki wala mfereji haupandi. Watu wa vijiji vya Shiraito waliishi wakisikia mngurumo wa maji mchana na usiku, huku mashamba yao yakikauka na hata maji ya kunywa yakiwa ya taabu. Sijui adhabu inayozidi hiyo, kusikia maji usiyoweza kuyateka.

Katikati ya karne ya 19, mkuu wa wilaya ya Yabe, ambayo Shiraito ilikuwa ndani yake, alikuwa Futa Yasunosuke, aliyezaliwa mwaka 1801. Hakuwa samurai mkubwa wala mhandisi. Alikuwa kiongozi wa vijiji, mtu wa kukusanya kodi, kusimamia barabara na kusuluhisha magomvi. Shida ya Shiraito aliijua kwa sababu ilikuwa inakuja mlangoni kwake kila mwaka. Mpango wake ulikuwa huu: kuchukua maji mtoni mbali huko juu, kuyaleta kwa mfereji wa kilomita nyingi ukizunguka vilima, kisha kuyarusha juu ya korongo mpaka Shiraito. Fedha zilitoka kwenye akiba ya wilaya na mkopo wa serikali ya jimbo la Kumamoto. Kazi ikaanza mwishoni mwa mwaka 1852.

Hapo palikuwa na kikwazo kimoja kikubwa. Uwanda wa Shiraito uko juu kuliko kimo ambacho waashi wa wakati ule wangeweza kuthubutu kukijenga kwa tao la mawe. Kwa hiyo maji yalitakiwa yashuke kutoka ukingo mmoja, yapite darajani, kisha yapande ukingo wa pili. Sisi husema maji hayapandi mlima, na ni kweli, yakiachwa wazi. Lakini kila fundi ujenzi wa kwetu anaijua siri ya mpira mwembamba uliojazwa maji. Ukitaka kujua kama pembe mbili za nyumba ziko sawa, unashika ncha moja ya mpira hapa na mwenzako anashika nyingine kule. Katikati mpira unaweza kulala chini kwenye matope, lakini maji ya ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja. Ukiishusha kidogo ncha ya mwenzako, maji yatamwagikia kwake. Tsujun ni mpira huo uliotengenezwa kwa mawe. Hodhi la kuingilia liko juu, daraja liko chini, na hodhi la kutokea upande wa Shiraito liko juu tena, ila chini kidogo ya lile la kwanza. Maji yakiingia, lazima yatokee.

Kulisema ni rahisi. Shida ni kwamba maji yaliyobanwa namna hiyo husukuma kila upande kwa nguvu kubwa, yakitafuta tundu. Futa alijaribu kwanza mabomba ya mbao, yakapasuka. Akageukia mawe. Kila jiwe likachongwa mraba, likatobolewa tundu la mraba katikati, kisha mawe hayo yakapangwa moja baada ya jingine kuvuka daraja zima, safu tatu zikienda sambamba. Penye kuunga ndipo palipokuwa na vita. Maji yalivuja, wakafungua, wakajaribu tena. Mwishoni walipata lipu iliyoshika: chokaa, mchanga, udongo na chumvi, vikachanganywa na maji yaliyochemshiwa majani ya msonobari, ikatwangwa na kushindiliwa kwa nguvu ndani ya mifuo iliyochongwa kwenye midomo ya mawe. Lipu hiyo haikupakwa juu kama rangi. Ilishindiliwa kama mtu anavyoshindilia udongo kwenye ukuta wa fito.

Kazi ya mawe ilikuwa mikononi mwa waashi wa Taneyama, kijiji cha mafundi kusini mwa Kumamoto, wakiongozwa na Uichi pamoja na nduguze, mmojawapo Johachi. Hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Mwaka 1847 mafundi wa Taneyama walikuwa wamejenga daraja la Reidai juu ya mto Midori, si mbali na hapo, lenye tao la upana unaokaribia huohuo. Tulipita kuliangalia njiani wakati wa kurudi. Ni zuri, limetulia, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 lilibeba hata magari. Lakini Reidai linabeba miguu na magurudumu. Tsujun linabeba kitu kisichotulia, kinachosukuma mchana na usiku.

Tao la mawe hujengwa juu ya kiunzi cha mbao. Maseremala husuka kwanza upinde wa magogo, waashi hupanga mawe juu yake kutoka pande mbili mpaka yakutane kileleni, kisha kiunzi kinaondolewa. Hiyo ndiyo saa ya kweli. Jiwe likiwa limekosewa, kila kitu kitaanguka na walio chini yake. Watu wa Yabe wanasimulia mpaka leo kwamba siku maji yalipopitishwa kwa mara ya kwanza, katika kiangazi cha mwaka 1854, Futa alikaa katikati ya daraja amevaa mavazi meupe kama sanda, na jambia kifuani. Daraja likishindwa, asingeshuka akiwa hai. Maji yakapita. Yakatokea Shiraito.

Nilipoisikia hadithi hiyo chini ya tao, mvua ikidondoka kwenye mwavuli, sikumfikiria Futa shujaa. Nilifikiria viongozi wangapi leo wangekubali kukaa juu ya kazi yao siku ya kuzinduliwa, si na mkasi wa kukatia utepe, bali na roho zao.

Siku ile utaratibu uliruhusu wageni kuvuka, tukavuka. Dada alitembea katikati kabisa, macho mbele. Mimi nilisimama kidogo. Chini ya nyayo zangu palikuwa na safu tatu za mawe yaliyotobolewa, na ndani yake maji yalikuwa yanapita bila sauti, bila dalili yoyote. Kama mama wa kituoni asingetuambia, tungevuka tukidhani daraja halina kitu.

Ng'ambo tukaufuata mfereji. Mwanzoni ulipita kivulini, mwembamba, maji yake yakienda kwa mwendo wa mtu anayejua njia. Kisha miti ikafunguka na tukayaona majaruba ya Shiraito, ngazi kwa ngazi, yamejaa maji hadi kingo, mbingu ya kijivu ikionekana ndani yake. Mashine ndogo za kupandikiza zilikuwa zinasogea kwenye tope. Pembeni, mahali mashine haifiki, wazee waliinama wakichomeka miche kwa mkono. Takriban hekta 100 za mpunga zinanyweshwa na maji yaliyopita chini ya miguu yetu.

Mzee mmoja alikuwa anaondoa majani kwenye mfereji kwa reki ya meno marefu. Dada alimsalimia, akaomba radhi kwa kumkatiza. Mzee akauliza natoka wapi. Alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: huko kwetu nani anasafisha mifereji?

Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kwa kuwa swali lilikuwa limenigusa pabaya. Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Babu zetu Wachagga walichimba mifongo, mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka migombani, ikipita kingo za makorongo na mahali pengine ikivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu zake za maji na siku zake za kuufagia. Asiyekuja siku ya kazi hakupata maji. Nilimwambia mzee kwamba zamani tulisafisha wote, na siku hizi mingine inasafishwa na mingine imefukiwa. Dada akamtafsiria. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye reki yake. Hakunilaumu. Alikuwa na majani ya kuondoa.

Nilirudi Agosti. Mpunga ulikuwa umeshika, mashamba hayakuhitaji tena kila tone, na ubao wa kituoni ulionyesha kwamba maji yangefunguliwa saa 7 mchana. Safari hii palikuwa na watu wengi, familia zenye watoto, wazee waliokuja kwa basi, vijana na kamera zao. Juu ya daraja wakatokea watu wawili waliovaa mavazi ya kazi. Wakainama kwenye vizibo vya mbao vilivyoziba matundu katikati ya mabomba, wakavigonga kwa nyundo. Vikatoka. Palikuwa na kimya cha pumzi moja, kisha maji yakachupa.

Picha zilikuwa zimenidanganya kwa jambo moja, hazina sauti. Ni mvumo mzito unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Maji yanatoka kwa nguvu ileile iliyopasua mbao za Futa, yanakwenda mbali hewani, yanatawanyika, na jua linapiga upinde wa mvua ndani yake. Watoto walipiga kelele. Mimi nilishindwa kushika simu sawasawa.

Halafu nikamwona yule mzee wa reki. Alikuwa amesimama pembeni pamoja na wenzake wawili, na hakuwa anaangalia upinde wa mvua. Alikuwa anaangalia rangi ya maji. Tulimwendea, dada akamwamkia, mzee akatukumbuka. Nikamwuliza anaangalia nini. Akaonyesha kidole.

"Anasema mwanzoni yanatoka na tope," dada alinitafsiria. "Yakitoka safi, bomba liko salama."

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho picha ukutani haiwezi kukwambia. Matundu yale hayakutobolewa kwa ajili ya urembo. Mabomba yanapita bonde, na kila kitu kizito kinachoingia na maji, mchanga, udongo, majani yaliyooza, hukaa pale chini. Kisipotolewa, siku moja bomba litaziba na Shiraito itarudi kuwa nyika. Futa na mafundi wake walijua hivyo tangu mwanzo, wakaweka mlango wa kutolea uchafu mahali pa chini zaidi, yaani katikati ya daraja. Siku hizi maji hufunguliwa kwa ratiba ili wageni wafurahi, na hakuna ubaya, kwa maana wageni huuletea mji riziki. Lakini asili yake ni kazi ya usafi. Umati ule wote ulikuwa unashangilia bomba likioshwa. Na msimu wa mpunga ukifika, mgeni anaambiwa asubiri.

Robo saa baadaye vizibo vikarudishwa. Watu wakatawanyika. Sisi tukabaki na mzee, akatuonyesha ukuta wa mawe upande mmoja wa daraja. Tarehe 14 na 16 Aprili mwaka 2016, ardhi ya Kumamoto ilitetemeka mara mbili kwa nguvu kubwa. Ngome ya Kumamoto iliporomoka sehemu nyingi, nyumba zikalala, watu wakafa. Tsujun lilisimama, ila mabomba yalianza kuvuja na mawe mengine yakapata nyufa. Ukarabati ukiwa bado unaendelea, Mei 2018 ikaja mvua kubwa na sehemu ya ukuta ikaanguka. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Yamato iliwabidi wafanye yote mawili: ukuta ukajengwa upya, maungio ya mabomba yakazibwa tena kwa lipu ya asili. Julai 2020 maji yakachupa tena mbele ya watu.

Septemba 2023 serikali ya Japani ililitangaza daraja hili kuwa Hazina ya Taifa, cheo ambacho kwa kawaida hupewa mahekalu, ngome, sanamu na panga. Hakuna daraja wala mfereji uliokuwa umewahi kupewa heshima hiyo kabla yake. Mifereji ya Tsujun yenyewe ilikuwa imeshaingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya kimataifa ya urithi wa umwagiliaji. Nilimwuliza mzee alijisikiaje siku ile ya tangazo. Alifikiri, akasema alifurahi sana, na kesho yake alikwenda kuangalia mfereji.

Karibu na daraja pana hekalu dogo la Futa. Alifariki mwaka 1873, akiwa ameyaona maji yake yakipita kwa miaka 19. Mwashi Johachi, aliyeitwa baadaye Hashimoto Kangoro, serikali mpya ya Meiji ilimwita Tokyo akajenge madaraja ya mji mkuu. Majina yao yanakumbukwa, na yanastahili. Lakini nilipokuwa nimesimama kwenye ngazi za hekalu lile, niliwafikiria wale wasiokumbukwa. Daraja lilijengwa chini ya miaka miwili. Mfereji umesafishwa kwa zaidi ya miaka 165. Wajenzi walitoa ujuzi na ujasiri, lakini waliolifikisha daraja mpaka leo ni watu wenye reki, kizazi baada ya kizazi, ambao hakuna sanamu itakayowahi kuchongwa kwa ajili yao.

Tumezoea kutenganisha kumbukumbu na matumizi. Kitu kikizeeka tunakitupa, au tukikipenda sana tunakizungushia uzio na kuandika kibao: usiguse. Tsujun limenifundisha njia ya tatu. Kitu cha kale hulindwa vizuri zaidi na watu wanaokihitaji. Mkulima wa Shiraito haendi kuukagua mfereji kwa kuwa ni hazina. Anaukagua kwa kuwa mpunga wake uko mwisho wa maji yale. Kwa sababu hiyo ufa unaonekana ungali mdogo, na tope linatolewa kabla halijawa jiwe. Hazina ya Taifa imelindwa na njaa na shibe ya watu wa kawaida.

Kwa hiyo msomaji, ukijaliwa kufika Kyushu, nenda Yamato. Ukiikuta siku ya maji, simama usikie mvumo wake, utaubeba kifuani maisha yako yote. Lakini ukifika Juni ukaambiwa leo hayafunguliwi, usirudi. Vuka korongo, fuata mfereji mpaka miti ifunguke, uangalie maji yalikokwenda. Nawe uliyezaliwa mahali penye mfereji wa babu zako, iwe Kilimanjaro au kwingineko, siku ya kuufagia ikitangazwa, chukua jembe uende. Mzee yule wa Shiraito bado anasubiri nimjibu vizuri swali lake, nami nimeamua kumjibu kwa jembe. Mfongo wa kwetu umezibwa na udongo kwa urefu wa kama hatua 200, na kazi tutaianza baada ya mvua za masika.